Mashine Iliyojibu Kutoka Majini

Nilipoanza kazi Ifakara sikujua kwamba mtu anaweza kukaa kwenye kiti chake akawa ndani ya kompyuta iliyoko mahali pengine. Chuoni nilisomea takwimu, na kompyuta nilizozizoea ni zile za kubofya: unaona alama ya folda, unaibofya, inafunguka. Mradi ulioniajiri ulikuwa mdogo. Kazi yake ilikuwa kupima kina cha maji kwenye mito inayoshuka kutoka Udzungwa na kuingia bondeni, ili watu wa chini wapate kuambiwa mapema maji yakija. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga upande wa Katindiuka. Ukifungua dirisha la nyuma, unatazamana na majaruba ya mpunga.

Tulikuwa wawili tu. Mimi, na dada mmoja aliyesimamia mitambo, mtu wa Mahenge, mkubwa kwangu kwa umri na mkimya kiasi kwamba wiki ya kwanza nilidhani amenichukia. Bosi wetu alikaa Morogoro na alitufikia kwa simu.

Siku dada aliponiita mezani kwake kunifundisha, alifungua dirisha jeusi kwenye skrini. Halikuwa na kitu zaidi ya mstari mmoja wa maandishi na kijiti kilichokuwa kikiwaka na kuzima.

"Hapa hakuna cha kubofya," alisema. "Unaandika, unapiga enta, unasubiri ujibiwe."

Akaandika herufi tatu, ssh, kisha jina la mashine. Ikaomba neno la siri. Vidole vyake vilicheza kwenye vitufe lakini kwenye skrini hakikutokea hata kinukta.

"Dada, mbona haiandiki?"

"Inaandika. Haionyeshi tu, ili aliye nyuma yako asisome." Akapiga enta. "Haya, sasa tuko wapi?"

"Ofisini."

"Tazama mwanzo wa mstari."

Nikatazama. Kabla ya hapo mwanzoni mwa mstari palikuwa pameandikwa *ofisi*. Sasa paliandikwa *mto*.

"Tuko ng'ambo ya mto Mngeta," alisema. "Kwenye banda la mzee anayeilinda mashine, kando ya maji. Chochote utakachoandika hapa kinatendeka kule. Madirisha haya mawili yanafanana kabisa, la hapa na la kule, na ndiyo maana watu huharibu. Kabla ya kufanya lolote, uliza kwanza uko wapi."

Kuuliza uko wapi ni pwd. Kuona kilichomo kwenye chumba ulimosimama, yaani folda, ni ls. Kuhamia chumba kingine ni cd. Alinifundisha hayo kama mtu anayemtembeza mgeni ndani ya nyumba yenye giza: hapa kuna mlango, hapa kuna ngazi, hapo usiguse. Nilijifunza kwa kupapasa. Baada ya muda nikaanza kuipenda ile hali ya kuwa mahali bila kuwepo, na pia ikawa inanitisha kidogo, kwa sababu kule mtoni hakuna aliyejua kwamba nimeingia. Hakuna mlango uliolia. Hakuna mtu aliyesema karibu.

Kuhusu amri ya kuzima alinionya mapema.

"Kuzima mashine ni neno moja," alisema. "Kuwasha ni safari. Niliwahi kuizima moja nikiwa hapahapa nilipokaa. Nikapanda bodaboda kwenye tope kutwa nzima, kwenda tu kubonyeza kitufe."

Akaunti yangu, kwa hiyo, haikupewa uwezo huo. Niliweza kusoma na kunakili, basi.

Mashine ya mtoni, kama zile za mito mingine zilizowekwa kwenye nyumba za watu, ilikuwa kisanduku cha chuma ukubwa wa redio, kimewekwa mezani ndani ya banda la zamani la pampu. Banda lilikuwa la tofali za kuchoma na bati, chumba kimoja, hatua chache kutoka ukingoni. Sola ilikuwa juu ya paa, antena kwenye mti mrefu, na waya ulitoka ukutani ukashuka mpaka ndani ya maji. Ndani ya banda hilo, upande wa pili wa meza, aliishi mlinzi wetu.

Alikuwa mzee wa Kindamba, mvuvi wa kambale na perege tangu utoto, aliyeacha mtumbwi magoti yalipoanza kumsumbua. Nilimpigia simu kila mashine ilipopotea mtandaoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umeikosa tena?"

"Nimeikosa. Taa ya kijani inawaka?"

"Inawaka. Iko hapa inanitazama."

Taa ya kijani ilikuwa ndiyo sheria yake yote. Siku mashine ilipofungwa, bosi alimsimamisha mbele yake akamwambia: taa hii ikiwaka, mashine ni nzima na wewe uko kazini, usiiache. Ikizimika na isiwake tena, kazi imekwisha, funga mlango uende kijijini, tutakuja sisi. Mzee aliishika sheria hiyo kama kiapo. Dada aliniambia kwamba hata Pasaka alikataa kwenda kanisani mpaka alipopata mtu wa kukaa na taa.

Mvua za masika mwaka ule zilichelewa, halafu zikaja zote kwa pamoja. Barabara ya kwenda Mngeta ikakatika mara ya kwanza, ikatengenezwa, ikakatika tena. Lakini siku ninayoizungumzia, Ifakara mvua haikunyesha hata tone. Jua lilikuwa kali. Jirani alikuwa ameanika magodoro nje na redio yake ilikuwa ikiimba. Ni milima tu iliyokuwa na sura mbaya. Upande wa Udzungwa haukuonekana kabisa. Palikuwa pamesimama kitu cheusi kutoka ardhini mpaka mbinguni, na hakikusogea tangu asubuhi.

Niliingia kwenye mashine ya mtoni kama kawaida. Vipimo vyote hujiandika kwenye faili moja, mstari chini ya mstari. Kuna amri iitwayo tail, inayoonyesha mkia wa faili, yaani mistari ya mwisho. Ukiiongezea herufi moja inabaki wazi, na kila kipimo kipya kinachojiandika kule kinatokea hapa mbele yako. Nikaiacha wazi, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi nilidhani kifaa kimeharibika. Namba zilikuwa zimepanda kwa namna ambayo sijaiona tangu nianze kazi. Nikasimama na kikombe mkononi nikisubiri mstari mwingine. Ukaja. Ulikuwa mkubwa kuliko uliotangulia.

"Dada, njoo uone."

Alikuja akatazama bila kuketi. Mstari mwingine ukaja.

"Mpigie mzee," alisema.

Simu ya mzee haikupatikana. Nikapiga tena na tena, yule mwanamke wa kwenye mtandao akinijibu kwa upole uleule. Dada akampigia bosi kumpa namba zile, na bosi akaanza kuwapigia watu wa vijiji vya chini. Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyotakiwa kwenda, na ilikwenda. Vijijini watu walianza kuhama. Lakini mzee hakupatikana, na mashine yake ilijibu kila tulipoiuliza.

Jambo hilo ndilo lililonikaa vibaya rohoni. Nilikuwa nikiandika ping na jina la mashine, ambayo ni kama kubisha hodi tu, na jibu lilikuja. Nabisha, naitikiwa. Nampigia mtu, kimya.

Tukampata mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa kwenye kelele, watoto wanalia na mbuzi wanalia.

"Tuko juu ya tuta la reli," alipaza sauti. "Maji yameingia majumbani. Wote tumepanda huku."

"Na mzee wa mashine?" dada akauliza. "Yuko hapo na nyinyi?"

"Mzee wa mashine hayupo. Vijana walimpitia wakamwita. Akasema yuko kazini."

"Mtume mtu tena."

"Dada yangu, saa hizi hakuna wa kupita. Aliyeko kule anaweza kuja kwa kufuata tuta la mfereji, kwa sababu maji yatamsukuma huku. Wa huku hawezi kwenda kule."

Simu ikakatika. Dada akaketi, kwa mara ya kwanza tangu nimwite, akaivuta kompyuta yangu kwake.

"Kuna kamera," alisema.

"Kamera gani?"

"Ndani ya banda. Juu pembeni, karibu na paa. Fundi alifunga kila kituo baada ya betri kuibwa kwenye kimojawapo. Hii inaangalia meza na mlango."

Nilikuwa nimekwenda kule mara moja, nimekaa ndani ya banda lile, nimekunywa uji wa mzee. Sikuiona kamera yoyote. Nilikumbuka tu kitu kidogo cheupe juu ukutani ambacho nilidhani ni sehemu ya umeme.

Dada aliandika amri ndefu, akapiga enta. Kijiti kikakaa kimya, kisha mstari ukarudi. "Imepiga," alisema. Lakini picha ilikuwa kule, na sisi tulikuwa huku, na mtandao ulikuwa mwembamba kama uzi. Akaandika amri nyingine ya kuipunguza picha, kuifanya ndogo na ya kijivu, kisha scp, ambayo hunakili faili kutoka mashine moja kwenda nyingine. Asilimia zikaanza kupanda mwishoni mwa mstari. Zilipanda, zikasimama, zikapanda. Nje redio ya jirani iliendelea kuimba.

Picha ilipofunguka ilionyesha chumba kama kilivyo, isipokuwa kwamba sakafu ilikuwa inang'aa. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mpaka kati ya nje na ndani. Mkeka ulikuwa unaelea. Pale palipokuwa na kisanduku chetu hapakuwa na kitu. Meza yenyewe haikuwepo.

"Ameondoka," nilisema. "Ameondoka na vitu vyake."

"Mashine inajibu," dada akasema. "Mashine haiwezi kuondoka ikajibu. Imefungwa kwa waya."

Akapiga picha nyingine. Tukasubiri tena zile asilimia. Safari hii alikuwa ameipunguza kidogo tu, na upande wa kitanda, uliokuwa giza tupu kwenye ile ya kwanza, ukaonekana, maji yamefika kwenye mbao zake, na ndipo tulipoelewa. Meza ilikuwa juu ya kitanda. Kisanduku kilikuwa juu ya meza, na betri kando yake, nyaya zimevutwa mpaka mwisho. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya maji, mkono mmoja umeshika mguu wa meza ili isiyumbe. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye kisanduku. Katika ile picha ya kijivu, taa ya kijani ilionekana kama doa jeupe, na mzee alikuwa analitazama.

Kwenye dirisha lingine mistari iliendelea kushuka, mmoja baada ya mwingine, na kila mstari ulikuwa unatufikia kwa sababu mtu yule alikuwa ameshika mguu wa meza.

"Haina spika?" niliuliza. "Hatuwezi kuifanya ipige kelele, iseme neno?"

"Haina."

"Basi tuizime."

Dada alinitazama.

"Taa ikizimika ataondoka," nilisema. "Ndivyo alivyoambiwa. Hakuna neno lingine tunaloweza kumwambia."

"Ukiizima hatutamwona tena. Hatutajua kama ameondoka au ameanguka pale. Na huwezi kuiwasha."

"Najua."

Alimpigia bosi. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu bila kuwekwa wazi. Alisema msizime. Alisema hiki ndicho kipimo tulichokingojea tangu mradi uanze, kwamba watu wa chini bado wanaambiwa kwa namba hizi, kwamba mzee ni mtu wa mto, mafuriko kayazoea. Wandamba wanalala juu ya madungu yao, vibanda vya nguzo ndefu, maji yakipita chini, alisema, waulizeni. Dada akamwambia kwamba hili ni banda la tofali na si dungu. Bosi akarudia: msizime. Kisha dada akasema, "Mtandao unakatika, bosi," akakata simu. Mtandao ulikuwa mzima.

"Nakili faili kwanza," aliniambia.

Nikanakili vipimo vyote mpaka mstari wa mwisho. Nikahakikisha vimefika, nikifungua faili la hapa na kulinganisha mkia wake na wa kule. Kisha nikauliza niko wapi, kama nilivyofundishwa, kwa sababu madirisha yalikuwa mawili na sikutaka kuzima kompyuta ya ofisi nikadhani nimemwokoa mtu. Mwanzo wa mstari ulisema *mto*. Nikaandika amri. Mashine ikaomba neno la siri la msimamizi, ambalo sikulijua. Dada akajongea, akaliandika mwenyewe, herufi zisizoonekana, na akabaki amelaza kidole juu ya enta bila kubonyeza.

"Kama hakuwa anaangalia taa?" alisema. "Kama alikuwa amesinzia?"

Akabonyeza.

Skrini iliandika kwamba mawasiliano yamefungwa kutoka upande wa pili. Mwanzo wa mstari ukarudi kuwa *ofisi*. Nikabisha hodi kwa ping, na sasa hakuna aliyeitikia. Niliiacha amri ile ikibisha yenyewe, mstari baada ya mstari, hakuna jibu, hakuna jibu, mpaka jua likashuka nyuma ya kile kitu cheusi kilichokuwa mahali pa milima. Jirani aliingiza magodoro yake. Dada alikuwa na rozari mkononi na hakuificha.

Mwenyekiti alipiga asubuhi. Banda la pampu halipo tena, alisema. Ukuta wa upande wa mto ulianguka jioni, na paa likaenda na maji. Halafu akasema mzee yuko hapo, kafika kabla giza halijaingia, maji kifuani, na kisanduku cha chuma kichwani kimefungwa kwenye shuka. Amekaa peke yake pembeni mwa reli na hataki kula.

"Anaumwa?" nikauliza.

"Haumwi. Anasema kazi imemfia mkononi."

Ilichukua muda barabara kupitika. Tulipokwenda, dada na mimi, kwa gari la mradi, mpunga ulikuwa umelala wote upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na tope limeacha alama kwenye mashina ya miti juu ya vichwa vyetu. Mzee tulimkuta kwa mwenyekiti, kakaa kwenye kigoda uani, kisanduku miguuni, bado kimefungwa kwenye shuka lililokauka na kuwa gumu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Hakuongeza mjukuu wangu. "Mashine yenu hii hapa. Niliinyanyua kadiri nilivyoweza. Sijui niligusa nini. Nilikuwa naitazama, ikazimika."

"Hukugusa kitu," nilisema. "Ni mimi niliyeizima, babu. Nikiwa Ifakara. Niliizima ili uondoke."

Alinitazama akijaribu kulielewa jambo hilo. Nilimweleza kadiri nilivyoweza: kwamba tunaingia ndani ya mashine kwa kuandika, kwamba kuna neno la kuizima. Aliitikia kwa kichwa polepole, uso ukaanza kulegea, na nikadhani tumefika mahali pazuri. Kisha akauliza:

"Mlijuaje kwamba bado nipo?"

Dada akatazama chini. Nikasema, "Tulikuona."

"Mliniona kwa kitu gani?"

"Kuna kamera, babu. Kile kitu cheupe juu, karibu na paa."

Kuku walipita kati yetu. Mke wa mwenyekiti alitoka na maji ya kunywa, akaona nyuso zetu, akarudi ndani.

"Siku ile tu?" mzee aliuliza. "Au siku zote?"

Mimi sikujua. Dada ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. Kamera ilipangwa kupiga picha yenyewe kila mchana, alisema. Picha zilikuwa kubwa, mtandao haukuweza kuzibeba, hivyo zilibaki humohumo kwenye kisanduku. Hakuna mtu aliyezitazama. Zilikuwa zinajikusanya tu.

"Humu?" Mzee aligusa shuka.

"Humo."

"Hata mke wangu alipokuwa mgonjwa?"

Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ofisini tulichanga rambirambi, nami nilimpa mzee pole kwa simu. Sikuwa nimewahi kujiuliza alifia wapi. Alifia palepale, kwenye kitanda kile, upande wa pili wa meza yetu.

"Hata wakati huo," dada alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anayaacha.

Nilitegemea mzee atafoka, na ningeona nafuu angefoka. Badala yake alianza kulifungua fundo la shuka, akashindwa, nikamsaidia. Alikikabidhi kisanduku mikononi mwangu.

"Sina picha yake hata moja," alisema. "Kama yumo, nitafutieni. Moja tu. Zilizobaki zifuteni zisionwe na mtu. Na mkizifuta nataka niwepo."

Ofisini dada alikifungua kisanduku, akatoa diski yake, akaisafisha, tukaiacha ikauke ndani ya mchele mkavu kwenye beseni. Sikuamini ingesoma. Ilisoma. Niliingia kwenye folda, nikaandika ls, na majina ya picha yakaanza kupita kwenye skrini bila kukoma, siku juu ya siku za maisha ya watu wawili. Tulikubaliana kwamba nitazame mimi peke yangu, na nitazame zile za mwaka aliofariki mke wa mzee tu, haraka. Nyingi hazikuwa na kitu: mlango, mwanga, meza, visigino vya mzee akitoka. Baadhi sitazisimulia.

Katika moja mama yule alikuwa bado mzima wa kutosha kukaa. Alikuwa sakafuni kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Mikono ilikuwa kwenye ungo lakini uso ulikuwa umeinuliwa, na macho yake yalikuwa yananitazama moja kwa moja. Nilirudisha kiti nyuma. Nikafungua ya siku iliyofuata. Alikuwa ananitazama tena. Na ya iliyofuata. Mpaka zile za mwisho, za kitandani, kila mchana macho yale yalikuwa juu, pembeni mwa paa.

Tulisafisha ile ya ungo studio ya picha mjini, tukampelekea mzee. Wakati huo alikuwa amehamia kwa binti yake, huko Kiberege, na alikwisha kumwambia bosi kwamba harudi. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Aliniambia," alisema hatimaye. "Alisema kile kidude kinatuangalia. Mimi nikamwambia ni cha kupimia joto. Nikamwambia homa ndiyo inayosema."

Binti yake alimwekea mkono begani. Mimi nilifungua kompyuta mezani, nikachomeka diski, nikamwonyesha mzee folda na nikamweleza amri: rm, herufi mbili, na kwamba ikishapita hakuna kurudisha. Aliniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akasema endelea. Nikapiga enta. Mashine haikusema lolote, maana amri ile ikifanikiwa haisemi kitu, na mzee akadhani imekataa.

"Imekwisha, babu," nilisema. Nikaandika ls kumwonyesha. Chumba kilikuwa kitupu.

Alitazama ule weusi wa skrini.

"Na kwingine?" aliuliza.

"Kwingine wapi, babu?"

"Huko kwingine kote mlikofunga vidude vyenu. Wenye nyumba wanajua?"

Nilimtazama dada. Dada alikuwa anakunja waya wa diski, akiukunja na kuukunjua, na hakuinua uso.